Wazaliwa wa Januari Mosi

Saa iliyokuwa pembeni mwa skrini ilionyesha zimebaki dakika nne, na Sidonie alikuwa bado hajamaliza hata swali lake la kwanza.

"Dada, miye niko nauliza jambo moja tu," alisema. Alikuwa katika chumba cha wauguzi cha kubadilishia nguo, sare bado mwilini, simu ameiegemeza kwenye boksi la glavu. "Kliniki yangu ya Jumanne iko na wamama mia mbili na kumi na wawili. Nawajua kwa majina. Huyu nilimupima presha, yule nilimusindikiza mwenyewe hospitali, figo zilikuwa zinakufa. Ninyi munaniletea karatasi inasema hamsini na nane. Sasa wengine wako wapi? Nilikuwa napima mizimu?"

Jedidah Amugune, upande wa pili wa simu, aliipekua tena hesabu ile kwenye skrini yake. Kazi yake ilikuwa kuwa na jibu. Alikuwa afisa wa msaada wa takwimu katika taasisi moja ya utafiti wa afya jijini London. Mtafiti akitaka kujua wagonjwa wangapi waliugua nini na waliishiaje, taasisi ilimchambulia kumbukumbu za hospitali na kumpa hesabu, na Jedidah ndiye aliyemsaidia kuzielewa. Lakini watafiti walikuwa wamegawanywa makundi matatu. Kundi la Kwanza, wenye ruzuku nono, walipiga simu wakati wowote. Kundi la Pili walipewa siku yao. Kundi la Tatu lilipata saa mbili kwa mwaka mzima, na barua zao zilijibiwa ndani ya siku arobaini za kazi. Sidonie alikuwa muuguzi aliyefanya utafiti wake mwenyewe baada ya zamu, na kwa kuwa fomu haikuwa na kisanduku cha mtu kama huyo, alitia alama kwenye "Wengineo". Wengineo wote waliangukia Kundi la Tatu, na hizi dakika nne zilikuwa za mwisho katika saa zake mbili.

"Nitaangalia," Jedidah alisema. "Nipe wiki moja."

"Wiki? Kamati inakaa Alhamisi, dada. Leo ni Jumatatu. Wakiona hamsini na nane watasema kliniki haina watu, na wataifunga. Na wale wamama, nikiwaambia waende kwa daktari wa kawaida, hawaendi. Wanaogopa kusema, hawana kizungu. Mwaka jana mumoja alikaa nyumbani hadi aka—"

Skrini ikakatika. Mahali pa uso wa Sidonie palitokea maandishi ya buluu: muda wako wa msaada umekwisha, tafadhali tuambie unaipa huduma yetu nyota ngapi.

Nyota! Jedidah aliuma mdomo. Mtu anaeleza mgonjwa wake alivyokufa, anafungiwa mlango katikati ya neno, halafu anaombwa nyota.

Makundi hayo hakuyabuni yeye. Bosi wake, Ann, alimtuma mwaka jana kuzungumza na watafiti wa kila aina ili huduma mpya iundwe kulingana na mahitaji yao, naye alikwenda kwa moyo wote. Aliongea na maprofesa waliotaka wapewe namba zao na waachwe peke yao, na wanafunzi wasiojua hata waanzie wapi. Aliongea pia na wauguzi na wakunga waliowajua watu wao mmoja mmoja, ila hawakujua namba zinavyochambuliwa, na hao ndio aliowaandika kuwa wanahitaji kushikwa mkono zaidi kuliko wote. Aliandika kurasa kumi na moja. Ann alizisifu sana, akazipunguza zikawa jedwali moja lenye safu tatu, na kipimo cha kumpanga mtu kikawa ukubwa wa ruzuku yake.

Mchana huo Jedidah hakwenda kula. Alifungua hatua ambazo kumbukumbu za Sidonie zilipitia kabla ya kuhesabiwa. Hatua ya kwanza hadi ya tatu hazikuwa na neno. Ya nne ilikuwa imeondoa watu mia moja hamsini na wanne kwa mkupuo. Kanuni yake ilikuwa fupi: mtu yeyote aliyeandikwa kuzaliwa tarehe mosi Januari aondolewe, kwa sababu hiyo ni tarehe ya kujazia tu, si ya kweli. Chini yake palikuwa na herufi za mwandishi. J.A.

Alivuta pumzi, kisha akatabasamu kidogo. Aha. Basi kanuni ilikuwa imefanya kazi yake, na tatizo lilikuwa makarani wa kliniki ya Sidonie.

*

"Uzembe tu," aliwaambia nyumbani jioni, akipakua mboga ya sukuma. "Nilifanya kazi ya rekodi miaka tisa kule nyumbani, nawajua hawa. Karani amechoka, foleni iko hadi nje, hataki kumuuliza mgonjwa amezaliwa lini. Anaandika moja Januari, anaita mwingine. Ndiyo maana nilipofika hapa kitu cha kwanza nilichowatengenezea ni hiyo kanuni. Wazungu walinipigia makofi."

Mumewe, Elkana, alikuwa amerudi kutoka zamu yake ya basi na bado alikuwa na koti la kazi. Binti yao Natasha, mwenye miaka kumi na tano, alikula kwa mkono mmoja, simu katika mwingine. Alisikia Kiswahili chote na kujibu kwa Kiingereza, kama siku zote.

"Mum," alisema bila kuinua kichwa. "First of January. That's Dad's birthday."

Mwiko ulisimama hewani.

Elkana alicheka. "Si ni kweli! Mimi na nusu ya kijiji ni wa Januari mosi. Karani wa chifu kule Vihiga aliuliza mwaka, mama akamwambia ni mwaka ule nzige walikuja, wakapiga hesabu. Siku akaweka yeye mwenyewe. Nani angeikumbuka?"

Jedidah alikaa chini. Tarehe hiyo alikuwa ameijaza kwa mkono wake mwenyewe kwenye fomu za viza za mumewe, si mara moja, mara nne. Kila mwaka mpya alimnunulia keki, kwa utani. Na mtu huyo huyo anayelala naye kitanda kimoja, Jedidah mwenyewe alikuwa amemfuta kwa mstari mmoja wa kanuni, akapigiwa makofi, akaenda zake kunywa chai.

Aliingia chumbani akampigia Sidonie kwa simu yake mwenyewe, isiyo na saa ya kuhesabu.

"Wamama wako," alimuuliza, "tarehe zao za kuzaliwa zinatoka wapi?"

"Kwa karatasi zao za ukimbizi, sasa. Siku ile wanaulizwa, umezaliwa lini? Mutu anajua mwaka tu. Wengine vita iliunguza karatasi, wengine hawakukuwa nazo tangu zamani. Basi wanaandikiwa mosi ya mwezi wa kwanza. Hata miye mwenyewe. Kanisani kwetu tukisema wazaliwa wa Januari wasimame, bench nzima inabaki bila mutu." Alicheka. "Dada, kwa nini unaniuliza hivyo?"

Jedidah alimwambia habari ya kanuni ile. Hakuipamba.

"Ni weye njo uliandika?"

"Ni mimi."

"Mungu wangu," Sidonie alisema taratibu. "Nilizani ni Muzungu."

*

Jumanne asubuhi Ann alimsikiliza hadi mwisho. Hilo lazima lisemwe, Ann alikuwa hodari wa kusikiliza. Aliinamisha kichwa, akashika kikombe chake kwa mikono miwili na kusema kwamba anamwelewa kabisa.

"Lakini tusiite kosa," alisema. "Ni kanuni. Katika tafiti kubwa inaondoa watu wawili katika kila mia, na hicho ni kiwango tunachokivumilia. Huyu muuguzi anaweza kuomba hesabu mpya mwakani, saa zake zikirudi. Au atafute mfadhili, tumpandishe Kundi la Kwanza."

"Kamati yake ni kesho kutwa."

"Inasikitisha sana."

"Hesabu tuliyompa si ya kweli, Ann. Sisi ndio tuliompa."

Ann aliweka kikombe chini. Alieleza kwa sauti ya mtu anayemfunika mtoto blanketi kwamba njia nyingine ipo, ndiyo, nayo ni taarifa rasmi ya kosa. Lakini taarifa hiyo ingegusa tafiti zote thelathini na moja zilizopitia kanuni ile. Kulikuwa na profesa ambaye makala yake ilikuwa inatoka mwezi ujao. Na kwenye kanuni palikuwa na jina la Jedidah, si la mtu mwingine. Katika mwaka huu ambapo taasisi ilikuwa inafikiria kama iendelee kudhamini viza yake.

"Nakuambia kama rafiki," Ann alisema, akamgusa bega.

Jedidah alitoka akiwa ameshukuru. Alifika chooni ndipo alipogundua kwamba ameshukuru, na damu ikamchemka. Alikuwa ametishiwa kwa upole mno hata akasema ahsante.

*

"Waachie," Elkana alisema Jumanne hiyo jioni. Alisubiri Natasha afunge mlango wa chumba chake ndipo akasema, na alisema chini chini, kama mtu anayejua kuta za nyumba ya kupanga ni nyembamba. "Mama Natasha, nakuomba. Hiyo sponsorship ya viza ndiyo imetushika wote hapa. Wakiikata, tuna siku sitini. Mimi naegesha basi, mtoto anatolewa shuleni mwaka wake wa mitihani. Tunarudi kuanza nini?"

"Watu mia moja hamsini na wanne, Elkana. Nimewafuta mimi."

"Umewafuta kwa karatasi. Wao wapo. Wanakula, wanalala."

"Kliniki ikifungwa hawatakuwepo kwa muda mrefu. Presha haingoji."

"Sisi ndio pekee wa kulibeba hili? Huyo Ann yuko wapi? Hao maprofesa wako wapi?" Alisimama, akakaa tena. "Mimi nimeishi miaka hamsini na mbili bila siku ya kuzaliwa. Sijakufa."

"Utakufa tu. Unameza dawa za presha kila asubuhi kama wale wamama, na file yako iko kwenye hospitali zetu hizi hizi. Ukianguka kesho kwenye usukani, wakikaa kuhesabu wanaume wa umri wako waliougua, hutakuwemo. Watasema madereva wako sawa."

Elkana hakupenda. Alikunja uso kama aliyepigwa kibao mbele za watu. Alikuwa amezoea mengi katika nchi hii: abiria wa kumwekea kadi usoni bila salamu, vijana wa kumwambia arudi alikotoka. Lakini hayo walimfanyia watu baki. Hili lilitoka kwa mkewe, nalo lilikuwa kweli.

"Usinifanye mimi sababu," alisema mwishowe. "Ukifanya, fanya kwa ajili yako. Lakini kesho kutwa tukipanga masanduku, usiniambie ulifanya kwa ajili ya Elkana."

Walilala wakipeana migongo.

*

Fomu ya taarifa ya kosa ilikuwa na kurasa tatu. Jumatano asubuhi, kabla Ann hajafika, Jedidah aliijaza yote. Palipouliza nani alifanya kosa, aliandika jina lake kamili. Palipouliza kosa liligunduliwaje, alianza kuandika habari ya muuguzi mmoja na meza ya chakula, akafuta, akaandika: niliuliza swali nililopaswa kuuliza miaka miwili iliyopita. Palipouliza watu wangapi wameathirika, alihesabu wote walioondolewa katika tafiti zote thelathini na moja, bila kurudia mtu. Walikuwa elfu arobaini na moja, mia tatu na sita.

Aliitazama namba hiyo. Ulikuwa ni mji mzima. Wazee wa Kisomali, mama za Kikongo, Waafghani, babu za Kibangladeshi, wanaume wa Vihiga wenye makoti ya basi, wote wamefagiliwa nje ya hesabu za nchi yenye kuhesabu hata mbwa wake. Na waliofagia hawakuwa wabaya. Walikuwa watu wasafi wenye kupenda data safi, naye alikuwa mmoja wao, tena aliyeshika ufagio.

Alibonyeza.

Kitu ambacho Ann hakukitaja jana, Jedidah alikijua, maana alikuwa amesoma kanuni za taasisi neno kwa neno alipoajiriwa, kama asomavyo mgeni. Taarifa ya kosa ikishaingia, kila aliyepokea hesabu zile anajulishwa siku hiyo hiyo asizitumie. Barua ni moja, na haina makundi. Saa nne na robo ilitoka kwenda kwa watu thelathini na mmoja. Saa nne na dakika ishirini na nne profesa alikuwa kwenye simu na Ann, na sauti yake ilisikika hadi kwenye mashine ya kahawa.

Kesho yake Sidonie aliingia kwenye kamati na barua hiyo mkononi. Mwenyekiti alitaka waendelee tu, wakati ni mchache. Sidonie, kwa jinsi alivyosimulia baadaye, alisimama akawauliza kama watafunga kliniki kwa namba ambayo wenye namba wenyewe wameikataa, na kama wako tayari hilo liandikwe kwenye kumbukumbu za kikao, na majina yao pembeni. Walitazamana. Uamuzi uliahirishwa hadi hesabu mpya ije.

Ann alimtaka Jedidah aandae orodha ya tafiti za kuhesabiwa upya, kwa utaratibu wa kawaida. Utaratibu wa kawaida ulikuwa Kundi la Kwanza kwanza. Jedidah alifungua tena kanuni za taasisi, ukurasa uleule, na humo mliandikwa kwamba baada ya kosa, walioumia zaidi ndio wa kwanza kutengenezewa. Basi alipanga kwa kiasi ambacho kila utafiti ulikuwa umepoteza. Profesa, aliyepoteza watu wawili katika kila mia, akashuka hadi namba ishirini na nane. Juu kabisa, peke yake, alikaa muuguzi wa Wengineo.

"Haya si makubaliano yetu," Ann alisema, akiwa ameshikilia karatasi.

"Si makubaliano yetu," Jedidah alikubali. "Ni kanuni."

Hesabu mpya ya kliniki ya Jumanne ilitoka Alhamisi alasiri: mia mbili na tisa. Watatu walikuwa wamehama London, na Sidonie aliwajua hao pia, mmoja alikuwa Leeds kwa mwanawe. Alipiga simu akapiga vigelegele hadi muuguzi mwenzake akamkanya. Wiki hiyo hiyo kamati ilimjibu kwamba kliniki itabaki.

*

Ijumaa saa tisa Jedidah aliitwa. Ann alikuwepo, pamoja na kijana wa idara ya wafanyakazi aitwaye Noel, ambaye alikuwa ameweka boksi la tishu katikati ya meza kabla mtu yeyote hajasema lolote.

Noel alisoma. Mkataba wake ungekoma mwisho wa mwezi. Kutokana na mabadiliko ya huduma, taasisi haingeendelea kumdhamini. Walimshukuru kwa mchango wake, hasa uaminifu aliouonyesha wiki hii.

"Ni kwa sababu nilikosea," Jedidah aliuliza, "au kwa sababu nilisema?"

"Mkataba na taarifa ile ni mambo mawili yasiyohusiana," Noel alisema.

"Na profesa amefanywa nini?"

"Profesa hajafanya kosa lolote."

"Na wewe, Ann? Ulijua Jumanne."

Ann alimsogezea boksi la tishu. Jedidah alilitazama, akalirudisha upande wa pili wa meza hadi likagusa mkono wa Ann, akachukua barua yake na kuondoka.

Alipanda treni hadi East Croydon, kisha tramu, amesimama njia nzima ingawa viti vilikuwepo. Alitarajia kulia. Hakulia. Alikuwa na hasira, na kadiri vituo vilivyopita ilizidi kukomaa. Kusema "nilikosea" ni neno moja tu. Katika jengo lile lilikuwa na thamani ya nyumba nzima, shule ya mtoto, kazi ya mume. Na waliojua wakanyamaza hawakutozwa hata nauli.

Elkana alikuwa jikoni. Aliisoma barua kwa kidole, mstari kwa mstari, akarudia kuanzia juu.

"Wameandika vizuri," alisema. "Hakuna hata tusi moja ndani."

"Nisamehe."

Elkana alikunja barua mara mbili, akaiweka juu ya friji, penye karatasi za mambo yasiyoweza kungoja. Natasha alikuwa mlangoni, simu imezimika mkononi, akiwatazama mmoja baada ya mwingine.

"Hiyo hesabu mpya," Elkana aliuliza, mgongo bado umewaelekea. "Ya wale elfu arobaini. Na mimi nimo?"

"Umo. Jana kanuni ilipofutwa nilihakikisha."

Alitikisa kichwa polepole, akafungua bomba, akalifunga.

"Basi jana ndiyo mara ya kwanza nchi hii kunihesabu," alisema, "na leo inanifukuza."